Kimwanga Kisicho na Daraja

Habari hizi zilitoka kinywani mwa Riziki Mbaruku, fundi wa miwani wa Korogwe, mwanamke asiyependa kuongeza chumvi hata kwenye mchuzi, nami nazisimulia vile vile alivyozieleza. Namna alivyofika katika nchi ya Utajo hakupenda kuizungumzia. Alisema tu kwamba njia ilikuwa ndefu na viatu vilimwishia. Masimulizi yake alikuwa akiyaanzia mpakani.

Hapo mpakani alikuta meza, na nyuma ya meza bwana mmoja mnene aliyevaa kofia ya kazi. Bwana yule hakumwuliza anatoka wapi wala anakwenda wapi. Alimtazama juu hadi chini akasema, "Wewe ni nini?"

"Mtu," alijibu Riziki.

"Mtu wa daraja gani?"

Riziki hakujua. Bwana akampima urefu kwa utepe, akafungua sanduku lake la kazi, akakuta vioo, vibano, tupa ndogo na kitambaa laini cha ngozi. Akaandika kwenye kitabu: Mgeni, mwenye zana, hana madhara. Kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Hongera, mama. Sasa upo. Unaweza kupita."

Ndiyo ilikuwa sheria kuu ya Utajo. Kitu hakipo mpaka kipewe daraja, na kikishapewa daraja kipewe jina, na jina liandikwe kitabuni. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kukitaja, kukinunua, wala kukinyooshea kidole. Sokoni Riziki aliona rundo la matunda mekundu yenye harufu tamu, yakioza chini ya turubai. Aliambiwa kwamba yaliota miaka mitatu nyuma katika bonde moja, na wajumbe bado hawajakubaliana kama ni matunda au mboga. Watu waliyapita wakitazama pembeni, ingawa wengine aliwaona wakimeza mate.

Mambo ya mbinguni yalikuwa na baraza lake. Liliitwa Baraza la Majina na Madaraja ya Mbinguni, na wajumbe wake walikuwa kumi na wawili. Kulikuwa na madaraja saba: jua, mwezi, sayari, nyota, nyota zenye mkia, vitu, na vinginevyo. Na Baraza halikuwa na mzaha. Palikuwa na sayari moja ya mbali iliyoitwa Kirimba, ikipendwa sana na watoto kwa kuwa ilikuwa ndogo kama wao. Alasiri moja, wajumbe watano wakiwa wamekwenda kula, waliobaki walipiga kura wakaishusha daraja, ikawa kitu. Siku ya pili walimu waliagizwa kuifuta ubaoni. Barabara ya Kirimba, iliyokuwa pana na yenye miti pande zote, ilikatwa miti na kujengwa kuta, ili upana wake ulingane na cheo kipya. Riziki alipita hapo. Alilazimika kutembea ubavu ubavu. Kwenye ukuta mmoja mtoto fulani alikuwa amechora duara dogo kwa chaki, bila neno lolote, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kulifuta, maana kulifuta kungekuwa ni kukiri kwamba lipo.

Katika mji wa Mwinuko, Riziki alipata malazi kwa mume na mke wazee. Mume, Mzee Ngwali, alikuwa amepiga kengele ya shule kwa miaka arobaini na sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipotembea aliinamisha kichwa kana kwamba milango yote ya dunia ni mifupi. Mke, Bi Somoe, alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa maneno. Walimpokea kwa sababu ya sanduku lake. Mzee alikuwa na darubini aliyoiunda mwenyewe, na kioo chake cha mbele kilikuwa kimelegea na kuingia ukungu.

Riziki alikaa nayo barazani siku nzima. Alikitoa kioo, akakisafisha, akakikaza kwa ukanda mwembamba wa shaba. Bi Somoe alimletea chai mara tatu na kila mara aliuliza, "Itaona, mwanangu?"

"Itaona, mama."

"Maana zimebaki siku tisa tu."

Alfajiri yake wakamwamsha. Walipanda ngazi hadi juu ya paa, na Mzee Ngwali akaielekeza darubini upande wa mashariki, juu kidogo ya mgongo wa mlima. Hakunyoosha kidole. Alielekeza kwa kidevu. Riziki akaweka jicho. Mwanzo hakuona kitu, kisha akaona: kimwanga hafifu, cheupe chenye ubuluu kidogo, kimetulia kana kwamba kinasubiri kuambiwa kipite.

"Mlikiona lini?" aliuliza.

"Mwezi uliopita," alisema Mzee. Alizungumza polepole. "Kinakimbilia jua. Nimepiga hesabu mara sita. Baada ya siku nane kitaingia kwenye mwanga wa jua, kisha kitakwenda zake. Hakitarudi, si kwetu wala kwa wajukuu wa mtu yeyote."

"Na Baraza linasemaje?"

"Baraza linakutana keshokutwa. Nimepeleka fomu. Nimepeleka na jina, ndani ya bahasha iliyofungwa, kama sheria inavyotaka."

Akashuka ngazi kwenda kuweka maji ya chai, na Bi Somoe akabaki na mgeni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunga kanga vizuri mabegani.

"Mimi hilo jina silijui," alisema. "Kaandika amenipa mgongo. Lakini nadhani ni la nani."

Ndipo akamsimulia. Miaka thelathini na minane nyuma walijaliwa mtoto wa kike. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba. Baba humnong'oneza mtoto sikioni kwanza, kisha hulisema mbele ya watu, na karani huandika. Kabla ya hapo baba halisemi kwa yeyote, hata kwa mama. Mtoto wao alifariki siku ya sita, saa za adhuhuri.

"Karani alikuja kesho yake kama alivyopangiwa," alisema Bi Somoe. "Akakuta hakuna wa kumwandika. Akaniambia, si kwa ubaya, alikuwa kijana mwenye heshima zake, akaniambia, mama, kwa mujibu wa kitabu hukuzaa. Nikamwambia maziwa yananitoka. Akasema anaona, lakini hana safu ya kuandika maziwa."

Riziki aliushika mkono wa mwenyeji wake akakaa nao.

"Hapa mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe. Mama fulani. Mimi nimebaki Bi Somoe hadi leo. Na yeye jina analo, tangu siku ile. Analo tumboni kama mtu aliyemeza kokwa. Sheria inamkataza kulitamka, naye ni mtu wa sheria, hata chafya hupigia nje. Mimi sijamwuliza. Ningemwuliza angenijibu, halafu angejiona amevunja sheria, asingelala tena."

Siku ya Baraza walikwenda wote watatu. Ukumbi ulikuwa mkubwa na hauna madirisha. Riziki alipouliza sababu, alielezwa kwamba wajumbe hawaruhusiwi kuitazama mbingu, kwani anayekitazama kitu anaweza kukipenda, na anayekipenda hawezi kukipa daraja kwa haki. Kiti cha juu kilikaliwa na Mtaji Mkuu, yaani mkuu wa kutaja majina, Bwana Fumo Shali, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na sauti laini. Chini yake aliketi Karani Mize, mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyoingia wino, na mbele yake bahasha ya Mzee Ngwali.

Kwa kuwa raia haruhusiwi kutoa ushahidi juu ya kitu kisicho na jina, na mgeni hakutajwa katika katazo hilo, Riziki aliitwa mbele.

"Eleza ulichokiona," alisema Mtaji Mkuu.

"Niliona nyota ndogo..."

"Futa." Karani akafuta. "Nyota ni daraja la nne. Ukisema nyota umekwisha kuamua, na kazi ya kuamua ni yetu."

"Basi niliona kitu kidogo..."

"Futa. Vitu ni daraja la sita."

Riziki akafikiri. "Niliona kinachong'aa."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema sufuria nayo inang'aa. Mwingine akasema sufuria ina jina. Wakakubali neno liandikwe kwa penseli.

Halafu mjadala ukaanza. Je, kina umbo la mviringo? Mjumbe mfupi mwenye miwani alisema chochote kisicho cha mviringo hakiwezi kuwa sayari. Jirani yake aliuliza yai ni la mviringo au si la mviringo, na hapo saa nzima ikapita. Wakauliza kama kina mkia. Riziki alisema hakuuona mkia. Wakauliza kama hakina mkia, au kina mkia ambao hakuuona. Wakauliza kinazunguka nini.

"Jua, kama vingine vyote," alisema Mzee Ngwali kutoka kwenye benchi, akisahau kwamba hakupewa ruhusa.

"Kwa idhini ya nani?" aliuliza mjumbe mfupi, na haikuwa dhihaka. Alitaka kweli kujua.

Ilipofika adhuhuri waliahirisha. Wakakutana kesho yake, na keshokutwa. Kila alfajiri Riziki na wenyeji wake walipanda juu ya paa, na kila alfajiri kimwanga kilikuwa chini zaidi, kimekaribia zaidi mgongo wa mlima. Mzee Ngwali aliacha kula mchana. Bi Somoe alimpikia uji wa mchele, akaukoroga mbele yake na kumkazia macho hadi akaumaliza.

Siku ya sita ya vikao, Mtaji Mkuu alisimama. Alisema wajumbe wamechoka na hoja zimekwisha. Kinachong'aa hakikutimiza masharti ya daraja la kwanza hadi la sita. Kilipopigiwa kura ya kuwekwa katika vinginevyo, kura ziligawanyika sita kwa sita, kwa sababu wajumbe sita waliona kwamba kukiweka katika vinginevyo ni kukubali kwamba kinafanana na vingine.

"Kwa hiyo hakina daraja," alisema. "Na kisicho na daraja hakipewi jina. Jina limekataliwa. Bahasha irudishwe kama ilivyo, haijafunguliwa, na mwenye kuileta aape kwamba hatalitamka."

Mzee Ngwali aliinuka kuifuata bahasha yake. Alitembea kichwa kimeinama, kama kawaida yake, na mikono imetangulia mbele. Bi Somoe alibaki kwenye benchi akitazama sakafu. Riziki aliniambia kwamba hakuwa amepanga kusema neno. Yeye ni mgeni, na mgeni hana sauti kwenye kikao cha watu. Lakini aliutazama ule mgongo wa mzee, akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Jina mlilolikataa ni lipi?"

"Hatulijui. Limo ndani ya bahasha."

"Mnalikataaje jina msilolijua?"

Mtaji Mkuu aliitazama bahasha.

"Kwenye nchi yenu," aliendelea Riziki, "nimeambiwa kisichotajwa hakipo. Jina hili halijatajwa. Basi hapa mbele yenu hamna jina. Mmekataa nini?"

Mjumbe mfupi mwenye miwani ndiye wa kwanza kupiga meza. "Ana hoja!" alisema, uso umemng'aa. Wengine wakadakia. Mmoja alisema uamuzi wa kukataa kisichokuwepo ni batili. Mwingine akasema ukiwa batili basi vikao sita vyote havikuwepo, na wao wenyewe hawakuwepo ukumbini, na chakula cha mchana walichokula kilikuwa cha nani? Waliogopa. Wakafungua vitabu vya zamani, vumbi likapaa. Mwishowe Karani Mize, ambaye siku zote sita hakuwa amesema neno, alisoma kifungu cha kale kilichosahauliwa: jina litakalokataliwa lisomwe kwa sauti mara tatu, ili watu wote walijue na asitokee wa kulitumia, kisha liandikwe katika Kitabu cha Majina Yaliyokataliwa, pamoja na mwenye jina na wazazi wake, lisije likachanganywa na la mtu mwingine.

"Kitabu hicho kipo?" aliuliza Mtaji Mkuu.

"Kipo, Mheshimiwa. Hakijawahi kuandikwa hata ukurasa mmoja."

Mtaji Mkuu alizishika ndevu zake kwa muda mrefu. Riziki alimtazama na kwa mara ya kwanza aliona kwamba macho ya yule mzee yalikuwa yamechoka sana, macho ya mtu aliyefanya kazi ya mbingu miaka mingi katika chumba kisicho na dirisha.

"Fungua," alisema.

Karani Mize akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua, akaitazama, akaliweka sawa koo lake.

"Tunu," alisoma.

Bi Somoe akainua kichwa.

"Tunu," alisoma karani mara ya pili, polepole zaidi.

Mzee Ngwali alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono bado imenyooka kuipokea bahasha. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, hakujua kama inaruhusiwa.

Mara ya tatu Karani hakusoma. Alimtazama Mtaji Mkuu, naye akaelewa. Bwana Fumo Shali akasema mwenyewe, kwa ile sauti yake laini, "Tunu."

Kisha karani akafungua kitabu kikubwa chenye kurasa tupu, akachovya kalamu, akauliza mwenye jina ni nani. Bi Somoe ndiye aliyesogea mezani.

"Ni binti yetu," alisema. "Aliishi siku sita."

Karani akaandika: Tunu, binti Ngwali na Somoe, aliishi siku sita. Hakuna aliyesema futa. Alipomaliza alikigeuza kitabu upande wa pili, akamkabidhi kalamu.

"Weka sahihi hapa," alisema, "Mama Tunu."

Bi Somoe aliishika kalamu, lakini ilimbidi akae kitini kwanza.

Habari zilienea mji mzima kabla ya jioni. Kwa kuwa sheria ilitaka kila mtu alijue jina ili asilitumie, wapiga mbiu walipita mitaani wakilitangaza, na watoto wakafundishwa shuleni kwamba Tunu ni jina lisiloruhusiwa kupewa yeyote mwingine, milele. Majirani walikuja na vyakula. Wazee waliosimama mlangoni wakasema, "Hodi, Baba Tunu," kana kwamba wamemwita hivyo maisha yao yote, na yeye kila mara alichelewa kuitika, akigeuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Alfajiri ya siku ya mwisho walipanda tena juu ya paa. Riziki alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake, maana naye alikuwa anaondoka. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imeanza kupauka, na kimwanga kilikuwa chini kabisa, kimegusa mlima. Mzee Ngwali alitazama kwanza, akampisha mkewe. Bi Somoe alitazama muda mrefu, jicho moja limefumba, mdomo umeachama kidogo. Kisha akainuka.

"Hakionekani tena," alisema. "Kimekwenda."

Jogoo wa jirani aliwika, na mtu huko chini alifungua mlango.

"Tunu ni jina zuri," alisema Bi Somoe.

"Unalipenda?"

"Nalipenda. Ila mimi, Mzee, nilikuwa nikimwita jina jingine."

Mzee Ngwali akamgeukia. "Lini?"

"Zile siku sita. Wewe ulikuwa kazini, tuko wawili tu, ningemwitaje? Ningemwambia wewe kitu? Na baada ya hapo pia. Miaka yote hii. Nikiwa nafua, nikiwa napika."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia lako."

Riziki akainama juu ya sanduku lake, akajishughulisha na kifungo cha mkanda wake kilichokuwa kimekwisha kufungwa vizuri. Alimsikia Mzee akiuliza, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo, "Ulimwitaje?"

Bi Somoe alisogea, akasimama kwa ncha za vidole, akaweka kiganja kando ya sikio la mumewe na kumnong'oneza. Mzee alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, akiitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akamwomba radhi. Alisema sikio la upande ule halisikii vizuri tangu enzi za kengele.

Bi Somoe akacheka, akazunguka upande wa pili, akamwambia tena.